Watoto wanaosoma nje kwa muda na mlango wa kurudia: barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu

Kwa Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: KUPOKELEWA KWA WANAFUNZI WANAOREJEA NCHINI BAADA YA KUSOMA NJE

Ndugu Kamishna,

Kila mwaka wahadhiri, madaktari, wahandisi na watumishi wengine wa umma hupewa ruhusa ya kwenda masomoni nje ya nchi, wengi kwa shahada ya uzamivu inayochukua miaka mitatu au minne. Wengi wao wana watoto wa shule ya msingi. Viza ikishatoka na nyumba ikishapata mpangaji, linabaki swali moja ambalo wenzangu wananiuliza tangu niliporejea kutoka Uswidi na familia yangu: mtoto asome shule gani huko?

Wachache wanaolipiwa na mashirika makubwa huwapeleka watoto shule za kimataifa. Wengine humwacha mtoto kwa bibi yake miaka yote hiyo, wakamwona kwenye simu akibadilika meno na sauti. Waliobaki humwandikisha shule ya kawaida ya mtaani. Ukikaa nao ukawasikiliza, hutasikia mtu akilalamika kwamba shule za huko ni mbaya. Wanachohofia ni siku ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, kwa kuwa hofu hiyo iko ndani ya uwezo wa ofisi yako kuiondoa.

Nianze na nilichokiona. Uswidi, mtoto akishasajiliwa kuwa mkazi, shule ni haki yake. Akiwa na miaka sita anaingia darasa la awali, na mwaka anaotimiza saba anaanza la kwanza. Ada hakuna, vitabu bure, na chakula cha mchana bure kwa wote. Sheria inamruhusu mzazi kuchagua, hata shule binafsi, kwa sababu manispaa ndiyo inayolipa. Ila zile zinazosifiwa sana zina foleni ya miaka, na mgeni anayeshuka Agosti na masanduku yake hupangiwa shule ya jirani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayomfaa. Rafiki zake wanaishi jengo hilo hilo, anatembea kwa miguu kwenda na kurudi, na lugha anaiokota uwanjani. Miezi ya kwanza mtoto anakuwa kimya mpaka mzazi unakosa usingizi, kisha jioni moja unamsikia chini ya dirisha akibishana kwa Kiswidi kuhusu zamu ya bembea.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba nchi hiyo ilijali Kiswahili cha wanangu. Manispaa inatakiwa kutoa masomo ya lugha ya nyumbani pale wanafunzi wanapofika angalau watano na mwalimu anapopatikana. Darasa la wanangu lilikuwa mara moja kwa wiki, baada ya masomo mengine. Mwalimu alikuwa mtu wa Bukavu; wanafunzi walitoka familia za Kongo, Burundi, Kenya na kwetu. Alimwacha kila mmoja asimulie habari kwa Kiswahili cha kwao bila kumkatiza, halafu wote wakaiandika ubaoni kwa Kiswahili sanifu, sentensi moja moja, wakisahihishana. Shida yake ilikuwa vitabu. Nilipomwonyesha maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, alianza kuchapisha kurasa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, Ndugu Kamishna, sehemu ya kazi imeshafanyika, na wanaohusika wanastahili shukrani. Wazazi wengi walioko nje hawajui tu kwamba vitabu hivyo vipo.

Sasa kurudi. Kwa kawaida shule za Uswidi hazitoi alama mpaka darasa la sita. Kabla ya hapo, kila muhula mwalimu, mzazi na mtoto mwenyewe hukaa pamoja wakazungumzia anachokiweza na kinachomshinda, na maelezo yakaandikwa. Tulirudi na maelezo hayo, yametafsiriwa na kugongwa mihuri. Mwalimu mkuu wa kwanza tuliyemwendea aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma akitafuta alama, wastani, na nafasi ya mtoto darasani. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Alitaka kutusaidia, lakini hakuwa na pa kushika. Akauliza namba ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, halafu matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Mtoto aliyekuwa nje wakati wenzake wanapimwa atayatoa wapi matokeo hayo?

Kuanzia hapo kila shule ilikuwa na jibu lake. Moja ilitaka mtoto arudishwe madarasa mawili, nyingine ilisema apimwe, nyingine ikasema tusubiri Januari. Wengi waliangalia namba ya darasa tu. Hapa kwetu mtoto anaanza la kwanza akiwa na miaka sita, kule saba, hivyo watoto wa umri mmoja hupishana darasa bila yeyote kuwa nyuma ya mwenzake. Isitoshe, mwaka wao wa masomo unaisha Juni, wetu unaanza Januari. Mtoto anayejua sehemu na desimali, anayesoma riwaya kwa lugha mbili, anakalishwa na wadogo zake kwa sababu ya kalenda. Anaelewa kwamba ameadhibiwa, ila hajui kosa lake.

Na sasa mambo yamekuwa magumu zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili ambalo mtoto wa nje hajalisikia kabisa. Aliyeondoka 2023 akiwa darasa la pili anarudi kwenye mfumo mwingine, na sijakutana na mwalimu mkuu mwenye maelekezo ya maandishi kuhusu mtoto wa namna hiyo.

Ninachoomba ni waraka. Novemba 2021 Serikali iliwafungulia njia wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, na waraka ulipofika shuleni walimu wakuu walijua la kufanya. Tunahitaji uwazi kama huo. Waraka useme mtoto apangwe kwanza kwa umri wake, kisha apimwe Kiswahili na Hisabati na walimu wa shule inayompokea. Useme kukosa matokeo ya darasa la nne kwa sababu ya kuwa nje si kizuizi, na kwamba maelezo ya shule yasiyo na alama yanakubalika. Mzazi anayeaga aruhusiwe kutunziwa namba ya mtoto ili akirudi asianze kama mgeni. Nakala zifike kwa maafisa elimu wa wilaya kupitia TAMISEMI, na kwenye balozi zetu pia, pamoja na anwani ya ile maktaba mtandao.

Wapo watakaosema hawa ni wachache na wazazi wao wana uwezo, wawapeleke shule za mchepuo wa Kiingereza. Wengi wa hao wazazi ni watumishi wa kawaida waliokuwa wakiishi kwa posho ya masomo, na ruhusa ya kuondoka walipewa na mwajiri ambaye ni Serikali yenyewe. Tena hawarudi wasomi peke yao. Kuna watoto wanaorejea kutoka Oman na Afrika Kusini na wazazi waliokwenda kutafuta riziki, na hao hawana hata karatasi ya kugeuza.

Kwa upande wetu wazazi, kulinda Kiswahili nyumbani ni wajibu wetu, na hilo hatuombi mtu atufanyie.

Ripoti za wanangu na tafsiri zake ninazo. Wataalamu wako wakitaka kuona karatasi ya shule isiyo na alama inavyofanana, ili waandike maelekezo ya jinsi ya kuisoma, nitazileta Dodoma mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi na mhadhiri,
Dar es Salaam.