Ng'ombe anaugua kiwele, pikipiki ya afisa haina mafuta

Mhariri,

Naandika nikiwa na hasira, na nikisubiri zitulie sitaandika kamwe.

Ng'ombe wangu wa gredi ameharibika chuchu moja. Nilipoanza kumkamua asubuhi, juu ya kifuniko cheusi cha sufuria yalitoka majimaji yenye mabonge ya manjano na uzi wa damu. Kiwele kilikuwa moto, upande mmoja mgumu, na ukimgusa anarusha teke. Mfugaji yeyote hapa Sironga anajua huo ni ugonjwa wa kiwele, na kwamba tiba ikichelewa, upande ulioshikwa unaweza kukauka kabisa.

Nikampigia afisa wa mifugo. Pikipiki ya serikali haina mafuta, akasema, nitume pesa. Nikatuma. Mchana yuko mkutanoni. Jioni simu imezimwa. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, na kijana aliyekuwa pale, bila hata kuuliza mnyama ana nini, akaniuzia dawa ya mrija ya kupenyeza kwenye chuchu. Haikufua dafu. Afisa alipojitokeza hatimaye, alikanda kiwele, akanieleza kwamba ugonjwa huu huletwa na bakteria wa aina nyingi na dawa inayoua hawa huenda isiwaguse wale. Kisha akasema nimechelewa. Mimi ndiye nimechelewa! Na nauli ya kurudi akadai.

Sasa namwaga hata maziwa ya chuchu nzima mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa ziishe. Si wote humwaga. Mwenye karo shingoni atayauza, na ninyi wa mjini mtayanywa kwenye chai pamoja na antibiotiki. Msidhani haya ni ya wafugaji peke yetu.

Kwenye semina tunaambiwa tuoshe kiwele kwa maji safi, tukikaushe, tuchovye chuchu kwenye dawa baada ya kukamua, zizi lisiwe na matope. Sawa. Hayo maji yatoke wapi, ilhali mitaro ya mabomba iliyochimbwa kabla ya uchaguzi imeota nyasi? Na mvua ikinyesha, barabara haipitiki, maziwa mazuri yanachachia nyumbani.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo. Tulishangilia. Leo waheshimiwa hawakosi mafuta ya kufika kila mazishi kushika maikrofoni, wala tiketi za kwenda ng'ambo eti kujifunza. Kinachokosa mafuta ni pikipiki ya mifugo tu.

Tunataka kila wadi iwe na daktari wa mifugo anayeshika simu, nambari yake na ada zake zibandikwe sokoni. Wasipoweza, wasije kwetu kuomba kura wakijiita watoto wa wakulima.

Mfugaji aliyechoka,
Sironga, Nyamira