HABARI ZA AFYA: Kidonge cha Kutuliza Hofu kabla ya Kupasuliwa Jicho

Wako wazee wengi ambao macho yao yamefunikwa na mtoto wa jicho, wala hawazitambui tena sura za wajukuu wao, na hata hivyo wakiambiwa habari ya kupasuliwa hukataa. Hawakatai kwa ukaidi. Kisu kikitajwa pamoja na jicho, hata mtu shujaa husisimka mwili. Tena huzidi kuogopa akisikia ya kuwa hatalazwa usingizi.

Ni kweli, mara nyingi mgonjwa huwa macho. Mwaka 1884 Karl Koller, daktari wa Vienna, alionyesha ya kuwa kokeini ikidondoshwa juu ya jicho huliondolea maumivu. Siku hizi hutumika dawa za ganzi zilizo salama zaidi, ama za matone ama za sindano kandokando ya jicho. Basi maumivu si neno kubwa. Neno kubwa ni hofu, kwa kuwa mwenye hofu hutikisa kichwa, hukaza kope, na damu yake hupanda.

Kwa ajili hiyo hospitali nyingine humpa mgonjwa kidonge cha kutuliza, nusu saa au saa moja kabla ya kazi. Kinachojulikana sana ni diazepamu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963. Lorazepamu na temazepamu ni jamaa zake. Midazolamu huisha upesi, bali diazepamu hukawia mwilini, na kwa mzee yaweza kukaa siku kadhaa. Aliyeimeza asiendeshe gari wala baiskeli siku ile, wala asitie sahihi karatasi ya shamba au ya fedha, naye awe na mtu wa kumrudisha nyumbani. Hata karatasi ya kukubali kupasuliwa hutiwa sahihi kabla ya kidonge.

Wengine hudhani vidonge viwili ni bora kuliko kimoja. Sivyo hata kidogo. Aliyezidisha husinzia chini ya kitambaa, kisha huamka ghafula asijue alipo, akainua kichwa huku chombo kimo jichoni. Wazee wengine, badala ya kutulia, huchanganyikiwa. Kidonge hicho kikikutana na pombe, au na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, chaweza kupunguza pumzi hata mtu akafa. Mwenye ugonjwa wa mapafu, au anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, hana budi kumweleza daktari mapema. Vidonge vya kupewa na jirani visimezwe kwa siri.

Tena si kila mtu anayehitaji dawa. Wengi hutulia wakielezwa ya kuwa uso utafunikwa, ya kuwa hawataona kisu bali mianga na rangi tu, na ya kuwa kazi hiyo mara nyingi haifiki nusu saa. Muuguzi akimshika mgonjwa mkono, hofu hupungua zaidi. Nao wawili hupatana kwamba akitaka kukohoa atambana mkono kwanza. Maswali haya yafaa kuulizwa siku ya kupimwa macho, si asubuhi ya kupasuliwa, wakati foleni imefika mlangoni.