Weupe wa Ardhi Si Ushahidi Dhidi ya Mbuzi

Kiangazi kinapokaza Kitui na Makueni, huzuka watu wenye kutuonyesha picha zilizopigwa kutoka angani, ardhi iking'aa kama mfupa, wakatuambia kwamba jangwa linaenea. Mara mfugaji huwa ndiye mshtakiwa. Kazi yangu ni lugha, si hali ya anga. Hata hivyo, picha nayo husomwa, na chochote kisomwacho chaweza kusomwa vibaya.

Asili ya shtaka hili ni ya kitaalamu. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka wa 1972, na haikuchukua muda kabla mpaka wa Sinai na Negev haujaonekana kutoka juu kama mstari uliochorwa. Upande wa Sinai, uliolishwa mifugo na kukatwa kuni, ulikuwa mweupe. Upande wa pili, ulioachwa na vichaka vyake, ulikuwa na weusi. Mwaka wa 1975 Jule Charney akaenda mbele zaidi. Alikadiria kwamba ardhi iliyo tupu ikirudisha asilimia 35 ya mwanga wa jua badala ya 14, itapoteza joto, hewa iliyo juu yake itashuka, na mawingu yatakosa kujengeka. Kwa hesabu hiyo, mbuzi hula majani na mvua pamoja!

Hoja hiyo haikuwa upuuzi. Lakini watafiti wa baadaye walitambua kwamba ukame wa Saheli, ambao Charney aliufikiria, ulisababishwa zaidi na mabadiliko ya joto la bahari. Nasi, mvua zilipotukimbia misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, kiini kilikuwa katika bahari za Pasifiki na Hindi, wala si katika zizi la mtu wa Mutomo.

Isitoshe, udongo mwingi wa Ukambani ni mwekundu. Haumetameti kama mchanga wa Sinai. Ving'aavyo sana kwetu ni vitanda vya mito ya msimu, mathalan Tiva, na humo ndimo akina mama wachimbamo maji. Pahali peupe kupita pote ndipo penye kisima. Vilevile nyasi zilizokauka zikiwa wima hutia ardhi giza ingawa hazina ukijani hata kidogo. Apimaye ukijani pekee atasema hapana kitu, ilhali ng'ombe ameona chakula.

Wakamba walikuwa na maneno ya kutenganisha mambo haya. *Weu* ni malisho ya wote. *Kisesi* ni malisho yaliyotengwa na mwenyewe. Kisesi kilichotunzwa chaweza kuonekana cheusi kando ya weu, na hapo picha ingemtetea mfugaji badala ya kumshtaki. "Jangwa" lafunika yote mawili.

Tumewahi kulipia usomaji wa haraka. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya watu wa Machakos ng'ombe, wilaya ambayo wakati ule ilizijumuisha Kilungu na Mbooni za Makueni ya leo, kwa madai kwamba mifugo imemaliza ardhi. Muindi Mbingu na maelfu ya wenziwe wakaenda Nairobi kulalamika, hata amri ikalegezwa. Mwaka wa 1994 Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha uchunguzi wao wa wilaya hiyohiyo: watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya thelathini, na mmomonyoko ulikuwa umepungua, kwa jasho la matuta ya fanya juu.

Leo ngamia watokao Tana River na Garissa huingia Kitui mashariki, na damu imemwagika. Uchomaji makaa nao ulishamiri hata serikali ya kaunti ikapiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 2018. Kutoka angani, jino la ngamia na shoka la mchoma makaa huacha doa moja. Kwa hiyo, atakayetaka kumfukuza mtu malishoni kwa sababu ya doa hilo, na atuletee kwanza picha za miaka yote, si ya Septemba moja. Za Landsat hutolewa bure tangu 2008. Kisha ashuke garini, atembee Mutha na Ngomeni pamoja na wazee, awaulize ni nani aliyekata na ni lini.