Seva ya Bandia na Ifunzwe Kukataa

Muhula uliopita nilialikwa shuleni kutazama kazi za Chama cha Kompyuta. Nilifurahi sana, maana zamani zetu chama hicho kilikuwa na mashine mbili tu, na moja haikuwa na kibodi. Wanafunzi walinionyesha ukurasa wa maktaba walioutunga wenyewe: waandika jina la kitabu, wabonyeza, na mara moja waambiwa kama kipo, nawe waweza kukiazima papo hapo. Kila nilichobonyeza kilikubali. Nikauliza, "Seva ya maktaba iko wapi?" Mmoja akacheka, akasema, "Bado haijatengenezwa, bwana. Hii ni ya bandia." Nikauliza tena, "Nayo hukataa lini?" Wakatazamana.

Kwa wale wasiojua mambo haya, nieleze kidogo. Ukurasa wa wavuti una pande mbili. Upande mmoja ni ule uuonao katika kivinjari. Upande wa pili ni seva, kompyuta iliyo mbali, itunzayo habari na kujibu maombi. Aghalabu pande hizi hutungwa na watu mbalimbali, na wa kwanza huwa tayari kabla ya wa pili kuanza. Ili asikae bure akingoja, hujitengenezea seva ya bandia, yaani programu ndogo ambayo ikiulizwa swali hutoa jibu lililoandikwa mbele. Kazi yenyewe si ngumu. Kwa json-server huandika faili moja la JSON lenye orodha ya vitabu, na amri moja huligeuza kuwa seva. Watumiao Java wanayo WireMock, iliyoanzishwa na Tom Akehurst mwaka 2011. Vijana wetu hutumia Mock Service Worker, ambayo hukaa ndani ya kivinjari na kulinasa ombi kabla halijatoka nje, hata ukurasa usijue kwamba haukuzungumza na mtu.

Sina ugomvi na desturi hii. Kwa shule inunuayo intaneti kwa vifurushi ni baraka kubwa: kifurushi kikiisha, chama huendelea na kazi. Ugomvi wangu ni na seva ya bandia iliyo pole mno.

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne aujua mtihani wa moko, na Waingereza huiita seva hiyo kwa neno lilo hilo. Walimu hawatungi moko ili kumfurahisha mtu. Ukiwa mwepesi, mwanafunzi hupata alama nzuri, akatembea kifua mbele, kisha akapigwa na butwaa mbele ya karatasi ya UNEB. Moko wa namna hiyo ni heri usiwepo.

Nasema hivi kwa sababu nimemwumiza mtu.

Miaka michache iliyopita nilitunga ukurasa wa kulipia karo kwa simu, kwa ajili ya shule moja ambayo sitaitaja. Seva ya bandia niliitunga kwa dakika ishirini. Jibu lake lilikuwa moja tu: 200, maana yake sawa, pamoja na neno "imelipwa", tena papo hapo. Nikajaribu mara nyingi, ikafaulu kila mara. Lakini malipo ya simu hayaendi hivyo. Seva halisi ilijibu kwanza 202, yaani "ombi lako nimelipokea", wala haikusema kwamba fedha zimelipwa. Kisha simu ya mzazi huita, naye hutia namba yake ya siri, ndipo matokeo hupatikana. Na huenda matokeo yakawa kwamba amekataa, au hana salio, au muda umepita.

Siku ya kufungua shule wazazi wote hulipa saa ile ile. Seva ikaelemewa, ikanyamaza. Ukurasa wangu ulingoja sekunde kumi, ukaandika "Imeshindikana, jaribu tena". Mama mmoja, muuza matoke sokoni, akajaribu tena. Kila alipobonyeza, ukurasa ulitoa namba mpya ya malipo, kwa hiyo seva iliona maombi mawili ya halali, ikayatimiza yote mawili. Shilingi 380,000 zikaenda mara mbili, na zile za pili zilikuwa karo ya mtoto wake mwingine katika shule nyingine. Zilirudi baada ya siku kumi na tisa. Mtoto huyo alikaa nyumbani siku hizo zote. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama kibandani kwake. Hakunigombeza, aliniuliza tu kama mashine haikujua kwamba yeye ni yule yule. Nilikosa la kusema.

Dawa ilikuwa mistari michache. Namba ya malipo hutolewa mara moja, hubaki ile ile hata mtu abonyeze mara kumi, na seva ikiiona tena hujua kwamba si malipo mapya. Na ukurasa, badala ya kutangaza kwamba imeshindikana, huuliza kwanza malipo yamefika wapi. Dawa hiyo ningeipata katika mchana mmoja, kama seva yangu ya bandia ingenyamaza sekunde arobaini hata mara moja tu.

Basi maoni yangu ni haya, na najua wengine watayaona makali. Katika chama chetu, yeyote atungaye seva ya bandia aandike kwanza majibu ya kukataa, ndipo aandike yale ya kukubali. Aandike 401, hujajitambulisha. 404, ulichotaka hakipo. 429, umeuliza mno, ngoja. 500, seva imeharibikiwa. 503, haipatikani kwa sasa. Niligundua kwamba wanafunzi wote waijua 418, ule mzaha wa tarehe 1 Aprili 1998 juu ya birika la chai likataalo kupika kahawa, lakini wawili tu waliijua 503. Nami hucheka nikilikumbuka birika hilo, ila sijakutana nalo kazini.

Tena tarakimu si kazi yote. Jibu la 200 laweza kuja na orodha tupu, au na jina la kitabu lenye herufi mia tatu, au likakatika katikati. Na kunyamaza ndiko kubaya kupita yote, maana kunyamaza hakuna tarakimu. WireMock yaweza kuchelewesha jibu kwa muda uutakao, au kukata mawasiliano ghafula. Mock Service Worker yaweza kungoja bila mwisho. Vijana hawakujua kwamba mambo haya yamo katika chombo walichokishika mkononi.

Rafiki yangu tuliyesoma naye bweni moja, sasa mhandisi, aliniambia kwamba natia chumvi. "Acha bandia," asema, "jaribu kwa seva halisi." Kuna kweli katika neno lake. Seva ya bandia huzeeka: ile ya kweli hubadilishwa jina la kitu kimoja, ya bandia yabaki na jina la zamani, na majaribio yote hufaulu juu ya kitu kisichokuwapo tena. Hapana budi majibu ya bandia yalinganishwe na ya kweli mara kwa mara. Lakini rafiki yangu hajaniambia ni nani atakayeiomba kampuni ya simu iiangushe seva yake saa tisa alasiri ili wanafunzi watazame ukurasa wao utafanya nini.

Kuna jambo jingine dogo. Katika faili lao niliona majina ya wanafunzi waliochelewesha vitabu, yamenakiliwa kutoka daftari la mkutubi. Yafutwe, yatiwe ya kubuni. Uganda ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, nayo haikuvisamehe vyama vya shule.

Kabla sijaondoka tuliongeza mstari mmoja, seva ya bandia ikawa yangoja sekunde arobaini kabla ya kujibu. Kijana wa kidato cha pili akabonyeza aazime kitabu. Kimya. Akabonyeza tena, na tena, na tena. Seva ilipoamka, kitabu kimoja kilikuwa kimeazimwa mara nne na mtu mmoja. Hakuna aliyecheka. Nilipotoka kwenda kituo cha basi walikuwa wangali wanaandika.