Kisumu na Entebbe: Ujirani Unaopitia Nairobi

Mwalimu anayetafuta swali la hesabu lililo hai na achukue atlasi, apime mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi ule wa Entebbe. Atapata kilomita 255 hivi, sehemu kubwa ikiwa juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Ndege ya rafadha iendayo kilomita 500 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa nusu saa. Mwanafunzi mwerevu atapinga, na atakuwa amesema kweli: ndege hutambaa kwanza ardhini, hupanda polepole, kisha hupunguza mwendo kabla ya kutua. Tuongeze basi robo saa. Dakika 45 zatosha.

Lakini abiria wa Kisumu kwa kawaida hupelekwa kwanza Nairobi, kilomita 280 upande wa mashariki, yaani akipewa mgongo kule aendako. Kutoka Nairobi hurudishwa magharibi kilomita 520 hadi Entebbe. Jumla ni kilomita 800, zaidi ya mara tatu ya masafa halisi, nazo saa za kungoja ndege ya pili sijazihesabu. Si ajabu kwamba wengi huona heri basi la kupitia Busia, ingawa huwachosha mchana kutwa.

Jambo linalonishangaza ni kwamba babu zetu walikuwa na njia fupi kuliko yetu. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, msafiri wa Uganda aliingia melini na kuvuka ziwa. Katika miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways, zikitoka Uingereza kuelekea kusini mwa Afrika, ziliondoka Port Bell karibu na Kampala na kutua Kisumu. Abiria hao walikuwa wachache na matajiri, nakubali. Hata hivyo njia ilikuwapo.

Watetezi wa mpango wa sasa watasema kwamba ndege hufuata abiria, na kwamba abiria wako Nairobi. Hoja hiyo ina uzito, maana ndege yenye viti vitupu ni hasara tupu. Ila abiria nao hufuata nauli, na nauli ya kuvuka mpaka hubebeshwa ada za viwanja zilizo kubwa mara kadhaa kuliko za safari za ndani. Nusu saa ya ziwani hutozwa kama safari ya kwenda ng'ambo! Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka wa 1999, na mwaka huo huo mawaziri wa Afrika wakaafikiana mjini Yamoussoukro kuzifungua anga zao. Soko moja la usafiri wa anga barani likazinduliwa Addis Ababa mwaka wa 2018, Kenya ikiwamo. Ada zimebaki za kigeni.

Wanaolipa gharama ya mzunguko huu ni mwanafunzi wa Nyanza anayesomea Makerere, mgonjwa anayetafuta daktari bingwa Kampala, na mfanyabiashara wa samaki ambaye bidhaa yake haingoji. Kwangu mimi, serikali hizi mbili zingeanza na jambo moja dogo: kuitoza safari ya Kisumu na Entebbe ada ile ile anayotozwa abiria wa Kisumu aendaye Nairobi, kisha zitazame kama viti vitaendelea kuwa vitupu.