Toronto: Nani atarithi sala ya Kiswahili?

Mtaa wa Regent Park, mjini Toronto nchini Kanada, ulianza kujengwa mwaka 1948 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Tangu mwaka 2005 majengo yake ya zamani yamekuwa yakibomolewa na mapya kusimamishwa.

Kwa Mkatoliki wa Afrika Mashariki anayeishi hapo, kanisa la jirani ni la Mtakatifu Paulo, la parokia kongwe kuliko zote jijini, iliyoanzishwa mwaka 1822. Mkongo aliyezoea Kifaransa hana safari ndefu kufika parokia ya Sacré-Cœur, iliyoanzishwa mwaka 1887. Akirudi nyumbani, huchukua rozari na kusali kwa Kiswahili.

Je, wanawe watasali kwa lugha gani?

Kutoka Kilatini

Wazee wetu walihudhuria Misa ya Kilatini, wakaitikia maneno ambayo wengi wao hawakuyaelewa. Mlango wa lugha za wenyeji ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963.

Lakini Kiswahili cha sala ni cha zamani zaidi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifundisha dini kwa lugha hiyo. Padri alisoma Kilatini altareni. Bibi alisali Kiswahili nyumbani. Kilichohifadhi imani yake ni sala aliyoielewa.

Mambo yamegeuka

Uhamishoni hali ni kinyume. Mtoto anaielewa Misa ya Kiingereza, ila rozari ya mama yake anaiitikia kwa mazoea ya sikio tu. Muulize maana ya neno "utuopoe" katika Baba Yetu, huenda akanyamaza. Kwa hiyo Kiswahili kimo hatarini kuwa Kilatini cha ughaibuni: kinaheshimiwa, kinaimbwa, lakini hakieleweki.

Wapo wazazi wanaosema mtoto na asali kwa lugha anayoielewa. Hoja yao ina uzito, kwani ndiyo iliyotumiwa kukiondoa Kilatini. Hata hivyo, kuelewa hufundishwa. Tafsiri mpya ya Misa ya Kiingereza ilipoanza kutumika Kanada mwezi Novemba 2011, waumini walielezwa sababu za mabadiliko. Tafsiri mpya ya Kifaransa ilifuata mwaka 2021.

Jukumu la nani?

Mwaka 2017 Papa Fransisko aliwaongezea maaskofu madaraka juu ya tafsiri za liturujia. Madaraka hayo, hata hivyo, hayaingii sebuleni mwa mhamiaji. Huko, mwalimu ni mzazi.

Afrika Mashariki ina chombo kinachoweza kumsaidia. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Jumuiya hizo hukutana majumbani, husoma Injili na kujadiliana. Injili hiyo ikisomwa kwa lugha mbili, na kila neno gumu la sala likafafanuliwa, mtoto hatalazimika kuchagua kati ya kuelewa na kurithi.

Sisi tuliolazimika kuhama hatukuweza kubeba mengi. Sala ilipita mipakani bila pasi. Tusipoieleza kwa watoto wetu, itazikwa pamoja nasi.