Asiye na Cheti Si Asiyejua

Naunga mkono matumizi ya akili unde katika kuainisha ujuzi wa wafanyakazi. Kulinganisha mamia ya wasifu na mahitaji ya kila nafasi humchosha afisa utumishi kwa wiki nyingi. Programu hizi hutoa rasimu ya kazi hiyo kwa muda mfupi.

Hata hivyo, programu husoma kilichoandikwa tu. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 kubomoa nyumba mkoani Kagera, wapo mafundi waliojifunza mengi juu ya misingi na nguzo wakiwa kazini, si darasani. Fundi wa Rwamishenye asiye na cheti ataonekana katika jedwali kana kwamba hajui kitu, na ajira itampita.

VETA imekwisha kutuonyesha njia: hupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kisha humtunuku fundi cheti. Tuige utaratibu huo. Mfanyakazi aeleze kazi yake kwa Kiswahili. Programu iyapange maelezo hayo. Msimamizi ayahakiki kwa vitendo. Na mhusika ayasome na kuyasahihisha kabla hayajaamua cheo wala mshahara wake. Kinyume chake, tutakuwa tumeharakisha dhuluma ileile ya zamani.